Faili ya STEP haijui kwamba bawaba yako inazunguka

Wateja wanaoniletea kazi ya uchambuzi wa mkazo kwa kompyuta hapa Nairobi, awe mwenye karakana ya matela Industrial Area au mwanafunzi wa uhandisi, hunitumia faili moja ya STEP na ujumbe ule ule: "Kila kitu kimo ndani, injinia." Hakimo.

STEP, yaani kiwango cha ISO 10303 cha kuhamisha michoro ya 3D kati ya programu, hubeba maumbo, majina ya sehemu, mpangilio wa asembli (sehemu zilizounganishwa kuwa kitu kimoja) na mahali kila sehemu ilipokaa. Meti, yaani masharti ya jinsi sehemu zinavyoshikana na kusogea, ulizoweka kwenye programu ya kuchorea kama SolidWorks au Inventor hubaki huko huko, pamoja na historia ya uchoraji wako. Chukua mlango wa nyuma wa tipa. Kwako, pini imefungiwa katikati ya tundu la bawaba na mlango unafunguka. Ikinifikia mimi, ni silinda iliyokaa ndani ya tundu, basi. Programu ya uchambuzi hutafuta nyuso zilizokaribiana, na Ansys Mechanical, usipoigusa mipangilio yake, huzigandisha pamoja. Bawaba inakuwa kama imechomelewa, mlango unaonekana mgumu kuliko ulivyo, na mteja anafurahia majibu ya uongo! Nafasi kati ya pini na tundu ikizidi umbali wa utafutaji, pini inaelea na hesabu inagoma. Kwa hiyo niandikie: kipi kinazunguka, kipi kimechomelewa, kipi kimefungwa kwa boliti, na ni chuma gani. Hata picha ya simu yenye mishale inatosha.

Wengine hulalamika: "Asembli imefika kama kipande kimoja, programu yako ni mbovu." Hapana. STEP ni maandishi matupu. Ifungue kwa Notepad utafute NEXT_ASSEMBLY_USAGE_OCCURRENCE. Kila sehemu iliyopangwa ndani ya asembli huwa na mstari wake. Usipoona hata mmoja, mpangilio ulipotea ulipokuwa ukiitoa faili kwako. Itoe upya, ikiwezekana kwa AP242, aina ya STEP iliyotoka mwaka 2014 ikaunganisha zile za awali, AP203 na AP214.

STL, aina nyingine ya faili ya maumbo ya 3D, si mbadala wa STEP. Ni pembetatu tupu zisizotaja kipimo: 25 yaweza kuwa milimita au inchi. Ipeleke kwa printa ya 3D.

Na nyuzi za boliti mnazochora kwa bidii, ziondoeni kabla ya kutuma, isipokuwa pale boliti yenyewe ndiyo inayochunguzwa. Meshi, yaani wavu unaoligawa umbo katika vipande vidogo vya hesabu (elementi), hujaza maelfu ya elementi kwenye nyuzi hizo, ilhali ninachotafuta ni mkazo kwenye mshono wa kuchomelea.