Kivuli cha nembo kwenye runinga si kioo kilichoungua

Umebadilisha chaneli, lakini nembo ya ile ya mwanzo bado inaonekana kwenye kona kama kivuli. Wengi husema kioo kimeungua. Hakuna kilichoungua, na pengine hakuna hata kilichoharibika.

Kwenye runinga za LCD, yaani zenye kioo cha fuwele kinachomulikwa na taa ya nyuma (zinazouzwa kwa jina la LED ni hizo hizo, taa ya nyuma tu ndiyo tofauti), picha ikisimama muda mrefu, chaji ya umeme hubaki ndani ya paneli na fuwele zake huchelewa kurudi mkao wa kawaida. Weka picha zinazocheza, au zima runinga kwa saa kadhaa. Kwa kawaida kivuli hufifia chenyewe.

Runinga za OLED, zisizo na taa ya nyuma, ni habari nyingine. Humo kila nukta hutoa mwanga wake na huchakaa kadiri inavyowaka, za buluu zikitangulia. Zilizobeba nembo zimechoka kuliko jirani zake. Uchakavu huo haufutiki, na zile video za rangi zinazomemeteka zinazodaiwa kuuponya huichosha tu paneli zaidi. Afadhali upunguze mwangaza, na usichomoe waya kila unapozima: runinga nyingi za OLED husawazisha nukta zake zikiwa zimezimwa kwa rimoti.