Roki mbadala ni nini? Tuanzie kwenye kopo la mapichi

Roki mbadala ni jina la jumla walilopewa wanamuziki wa roki waliojitokeza miaka ya 1980, hasa Marekani na Uingereza, nje ya mkondo wa kampuni kubwa za kurekodi. Walitoa albamu kupitia lebo ndogo, nyimbo zao zikapigwa na redio za vyuo vikuu, wakatumbuiza kwenye baa na kumbi ndogondogo. Bendi ya R.E.M. kutoka Athens, Georgia, ni mfano mzuri. Hapo sijataja mdundo wala ala, na si kwa kusahau: jina lilihusu njia muziki uliyopitia hadi kumfikia msikilizaji. Ndiyo maana bendi zisizofanana hata kidogo zilitiwa kapu moja. Mwaka 1988 jarida la Billboard likaanzisha chati maalumu kwa ajili ya nyimbo hizo.

Leo ukitaja roki mbadala, wengi wanawaza shati la drafti, nywele usoni na kijana anayelalamikia maisha. Picha hiyo imetoka Seattle, mji wa bendi za Nirvana, Pearl Jam na Soundgarden, ambao kuanzia 1991 uliteka masikio ya dunia. Lakini ni Seattle hiyohiyo iliyotoa wimbo wa jamaa anayetamani kuhamia shamba ili ale mapichi.

Wimbo unaitwa "Peaches", na bendi inaitwa The Presidents of the United States of America. Ndiyo, marais wa Marekani, nao walikuwa watatu: mwimbaji Chris Ballew, mpiga gitaa Dave Dederer na mpiga ngoma Jason Finn. Albamu yao ya kwanza ilitoka 1995 kwa PopLlama, lebo ndogo ya palepale Seattle, na kabla mwaka haujaisha kampuni kubwa ya Columbia ikaichukua na kuisambaza upya. Mwaka 1996 "Peaches" ilifika nafasi ya 29 kwenye chati kuu ya Marekani na ya 8 Uingereza.

Mashairi yake ni ya kipuuzi kwa makusudi. Mtu anatangaza kwamba anahamia shamba kwenda kula mapichi kwa wingi, halafu papo hapo anatuambia mapichi hutoka kwenye kopo, na aliyeyatia humo ni mfanyakazi wa kiwanda kilichopo mjini. Sasa anahama kwa ajili gani? Hajali. Baadaye anasinzia penye mizizi iliyosokotana, anaponda pichi bovu kiganjani, anachomeka kidole ndani na kumwachia sisimizi nafasi ya kujificha. Kwenye video, wakiwa wanapiga muziki bustanini, wanavamiwa na maninja. Usitafute fumbo.

Utani wenyewe umeanzia kwenye ala. Gitaa la kawaida lina nyuzi sita. La Dederer lilikuwa na tatu. Ballew hakuwa na gitaa la besi la nyuzi nne, bali gitaa lililofungwa nyuzi mbili tu nene, likafanya kazi ya besi. Wazo hilo alilipata kwa Mark Sandman wa bendi ya Morphine, aliyekuwa akipiga besi ya nyuzi mbili. Nyuzi zikishakazwa hadi sauti zake zioane, kidole kimoja kikizikandamiza zote pamoja kinatoa sauti nzito iliyojaa, na ukitaka kubadilisha unatelezesha mkono tu. Anayejifunza gitaa, akiwa bado ana malengelenge vidoleni, ataona hii ni dhuluma.

Sasa sikiliza jinsi wimbo ulivyojengwa. Ubeti unaenda taratibu, karibu kunong'ona, kisha gitaa zinalipuka kwa kishindo, na mwishoni wanakokota mdundo mzito unaojirudia hadi wimbo uishe. Mbinu hiyo ya ukimya na kelele ilikuwa ya bendi ya Pixies, Nirvana wakaifanya ijulikane kote kwa nyimbo za uchungu. Hawa marais waliitumia ileile, isipokuwa kelele zao zilikuwa za kushangilia tunda. Kwangu mimi huo ndio ufundi wa wimbo huu, na anayeudharau kwa kuwa unachekesha hajausikiliza vizuri.

Hapo ndipo jina "mbadala" lilipoanza kuyumba. Wimbo wao mwingine, "Lump", ulishika nafasi ya kwanza kwenye ile chati ya Billboard ya roki mbadala, na albamu iliuza mamilioni ya nakala chini ya moja ya kampuni kubwa kabisa za muziki. Waliokuwa mbadala wa mkondo mkuu sasa walikuwa ndio mkondo wenyewe, na jina likabaki kutaja ladha badala ya njia.

Bendi ilivunjika 1998, ikarudi tena miaka ya 2000. Ballew baadaye alijipa jina la Caspar Babypants na kuanza kurekodi nyimbo za watoto wadogo. Hakulazimika kubadilisha mengi.