Talaka haifuti mkopo wala kodi

Wanandoa wanapokwenda kugawana mali, kila mmoja hufika na orodha yake: nyumba, kiwanja, gari, frem mbili za biashara, mpaka friji na makochi. Ni nadra kukuta orodha yenye mkopo wa benki, marejesho ya SACCOS au kodi ya TRA. Vitu hivyo hukumbukwa baada ya hukumu, wakati dalali anabisha hodi. Waliokwisha kupigana mwaka mzima mahakamani wanastahili kujua mapema kile wanachopigania. Hapa chini kuna kauli zinazosikika sana mitaani, kila moja na jibu lake. Majibu hayo yanahusu Tanzania Bara, ambako talaka na mgawanyo wa mali huongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Zanzibar ina mahakama za kadhi na sheria zake.

"Mali ni nusu kwa nusu, deni ni la aliyekopa."

Yote mawili si kweli. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, kwa namba iliyozoeleka, kinaipa mahakama mamlaka ya kugawa mali iliyopatikana kwa jitihada za pamoja. Kabla ya kugawa, mahakama hutazama mila za jamii husika, mchango wa kila mmoja kwa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto wadogo, na madeni yaliyoingiwa kwa manufaa ya wote wawili. Baada ya hayo ndipo sheria inasema mahakama ielekee kwenye usawa. Kuelekea usawa si sawa na kukata katikati, na mchango unathibitishwa kwa ushahidi.

Kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, ya mwaka 1983, inasifiwa kwa haki kabisa kwa sababu Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Wachache wanakumbuka kwamba Bi Hawa mwenyewe rufaa yake haikufaulu. Mahakama iliona alikuwa amepewa fedha za kuanzisha biashara ya familia na akazitapanya, ikahesabu kwamba fungu lake alishalitumia. Fedha iliyokwisha kuliwa nayo huingia kwenye hesabu, na hilo linamhusu pia mume aliyemaliza akiba ya familia kwenye kamari.

Kwa upande wa madeni, swali ni fedha ilikwenda wapi. Mkopo wa kausha damu, yaani ule wa mtaani wenye riba kali, uliolipa ada za shule na kodi ya pango ni deni la nyumba hata kama jina kwenye karatasi ni la mke peke yake. Mkopo uliojenga nyumba ya mchepuko si deni la ndoa. Deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, lile linalokatwa asilimia 15 ya mshahara, kwa kawaida ni la aliyesoma, kwa kuwa alilichukua kwa ajili ya elimu yake na mara nyingi kabla ya ndoa. Kwa hiyo tunza risiti za ada, miamala ya simu na daftari la VICOBA. Ushahidi wa deni una uzito uleule wa ushahidi wa mali.

"Hakimu ameamuru yeye alipe mkopo, kwa hiyo mimi nimetoka."

Hii ndiyo inayoumiza watu wengi kuliko zote. Hukumu ya talaka inawafunga wanandoa wawili. Benki haikuwa upande wowote wa kesi hiyo. Mkataba wake ni na waliosaini, na unaendelea kama ulivyo.

Tuchukue mfano. Nyumba ya Kimara ina thamani ya shilingi milioni 160 na ina deni la milioni 70 ambalo mume na mke walisaini pamoja. Kuna kiwanja Bagamoyo cha milioni 90 kisicho na deni. Mume anapewa nyumba pamoja na mkopo wake, mke anapewa kiwanja. Kwenye karatasi kila mmoja ana milioni 90, na wote wanaondoka wakiwa wameridhika. Mume akiacha kurejesha, benki ina haki ya kumdai mke deni lote. Kushindwa kulipa kutaandikwa pia kwenye kumbukumbu za mikopo za mke, na siku atakapotaka mtaji ataulizwa kuhusu nyumba asiyoishi tena.

Je, mke anaweza kumdai mtalaka wake amrudishie alichomlipia? Anaweza, kwa nguvu ya hukumu ile. Lakini atadai kwa mtu ambaye tayari ameshindwa kulipa benki. Kinga ya kweli inajengwa kabla ya makubaliano kuwa amri ya mahakama: aliyebaki na nyumba apewe muda wa kuleta barua ya benki inayomtoa mwenzake kwenye mkopo, na muda huo ukiisha bila barua, nyumba iuzwe, deni lilipwe kwanza, kinachobaki kigawanywe. Benki hailazimiki kukubali. Itapima kama kipato cha mmoja kinatosha. Ndiyo maana benki iulizwe mapema, na sharti la kuuza liwepo.

Mdhamini naye hatoki kwa sababu ya talaka. Shemeji aliyeweka akiba yake ya SACCOS kumdhamini mume bado ni mdhamini mpaka SACCOS imwachie kwa maandishi.

"Sikusaini rehani, kwa hiyo nyumba haiguswi."

Hapa kuna ukweli nusu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka rehani ya nyumba ya ndoa iwe na ridhaa ya mwenza anayeishi humo. Neno zito ni nyumba ya ndoa, yaani ile ambayo mume na mke wanaishi kwa kawaida. Nyumba ya kupangisha au kiwanja kitupu si nyumba ya ndoa. Kisha mwaka 2008 sheria iliongezwa: mwombaji mkopo lazima aseme kama ana mwenza, na benki ichukue hatua za kuridhisha kuhakikisha. Mume aliyeapa kwamba hajaoa ametenda kosa ambalo adhabu yake ni faini isiyopungua nusu ya fedha za mkopo au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili. Lakini benki ikionyesha kwamba ilifanya uchunguzi wa kuridhisha na kudanganywa, kesi ya mke inakuwa ngumu. Ndoa ikianza kuyumba, nenda kwa Msajili wa Hati ukaweke zuio kwenye hati, yaani pingamizi la maandishi dhidi ya kuihamisha au kuiweka rehani bila wewe kujua, usisubiri tangazo la mnada. Notisi ya mkopo uliokwama ni siku 60, na siku hizo huisha upesi.

"Mali ya talaka haina kodi."

Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 ina kifungu kinachohusu hili moja kwa moja, na inasikitisha jinsi kisivyotajwa mahakamani. Mtu akimhamishia mali mwenza au mtalaka wake kama sehemu ya makubaliano ya talaka, au ya kutengana kwa kweli, anayepokea anaweza kuchagua kwa maandishi kwamba kifungu hicho kitumike. Akichagua, anayetoa anahesabiwa amepata kiasi kilekile ambacho mali ilimgharimu, hivyo hana faida ya kutozwa. Anayepokea naye anahesabiwa ameipata kwa gharama hiyohiyo ya zamani. Kodi haijafutwa. Imehama, inamsubiri siku ya kuuza.

Turudi Bagamoyo. Mume alinunua kiwanja kile kwa milioni 10. Mke akiandika barua ya kuchagua, kodi haitozwi siku ya uhamisho. Miaka miwili baadaye akikiuza kwa milioni 90, faida yake inahesabiwa kuanzia milioni 10, yaani milioni 80. Mkazi hutozwa asilimia 10 ya faida ya ardhi na majengo, kwa hiyo anadaiwa milioni 8, na bila cheti cha TRA umiliki hauhamishwi kwa mnunuzi. Fungu lake halikuwa milioni 90. Lilikuwa 82, na hakuna aliyemwambia. Asipoandika barua, mume ndiye atakayehesabiwa kama aliyeuza kwa thamani ya soko, naye atadaiwa hizo milioni 8. Barua hiyo ina bei, na mke anayeiandika bila kuomba chochote ameilipia kodi ya mwenzake.

Kwa nyumba ya kuishi upo msamaha, ila ni mwembamba: uwe umeimiliki mfululizo kwa miaka 3 au zaidi, umeishi humo kwa jumla ya miaka 3 au zaidi, na faida isizidi shilingi milioni 15. Kwa bei za Dar es Salaam za leo, nyumba nyingi za zamani zimeshavuka hapo. Gharama za ujenzi na ukarabati hupunguza faida, kwa hiyo nyaraka za fundi na risiti za saruji na mabati zikabidhiwe kwa atakayebaki na nyumba. Hukumu iseme hivyo waziwazi. Ushuru wa stempu na ada za uhamisho ni hesabu nyingine, nazo zipangiwe mlipaji.

"Biashara ni yake, TIN (namba ya mlipakodi) ni yangu kwa jina tu."

Kwa TRA, jina ndilo mlipakodi. Mke ambaye TIN yake ilitumika kufungulia duka la mume ataendelea kufanyiwa makadirio ya kodi mpaka atoe taarifa kwamba biashara imefungwa au imehama. Vilevile, cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, hakitengenezi kampuni: madeni ya duka ni ya mwenye duka, mpaka kwenye mali zake binafsi. Kampuni yenye ukomo wa hisa ni mtu tofauti kisheria. Nyumba iliyoandikwa jina la kampuni ni ya kampuni, na kinachogawanywa kwa kawaida ni hisa, ambazo thamani yake hupatikana baada ya kutoa madeni.

"Tuachane kwa karatasi, tuokoe nyumba na wadai."

Ushauri huu unazunguka sana mitaani, na ni hatari. Chini ya Sheria ya Ufilisi, mtu akitangazwa mufilisi, yaani aliyeshindwa kulipa madeni yake, mali aliyoigawa bila malipo ya kweli ndani ya miaka 2 iliyotangulia inaweza kurudishwa kwa wadai. Iliyogawiwa ndani ya miaka 10 nayo inaweza kurudishwa, isipothibitishwa kwamba siku ile aliweza kulipa madeni yake yote bila kuitegemea mali hiyo. Anayelindwa ni aliyetoa thamani ya kweli kwa nia njema. Mke aliyethibitisha mchango wake mbele ya hakimu ana hoja nzito. Aliyeandikiwa nyumba wiki moja kabla ya wadai kufungua kesi hana.

Vitisho vya upande wa pili navyo visikuyumbishe. Mume anayesema "nitajitangaza mufilisi na hutapata kitu" bado si mufilisi. Hali hiyo huja kwa amri ya Mahakama Kuu. Ikija, mali yake huenda kwa msimamizi wa ufilisi, na kazi hizo kwa upande wa serikali ziko chini ya RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini. Wajibu wa kumtunza mtoto unabaki, kwa kuwa unatoka kwenye Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na haukutokana na mgawanyo wa mali. Na sehemu ya nyumba ambayo ni haki ya mke kwa mchango wake si mali ya mufilisi, ingawa itambidi aidai kwa msimamizi, akiwa na vielelezo vilevile ambavyo angevipeleka kwa hakimu wa talaka.