Kabla ya kununua hita, geuza godoro

Kijana niliyemfundisha ufundi wa boti hapa Msasani amepata kazi ya kutunza boti ya matanga huko Uholanzi, na analala humo humo hadi Machi. Juzi kanitumia ujumbe wa sauti, meno yanagongana: "Shikamoo fundi. Usiku huu ni nyuzi tano chini ya sifuri. Ninunue hita gani?"

Marahaba mwanangu. Kabla ya hita nilimwuliza: ukiligeuza godoro, chini yake pakoje? Akasema limelowa chapachapa. Basi hapo ndipo pa kuanzia.

Baridi tunayoijua sisi wa Dar ni ya Julai, kusi ikivuma na alfajiri ikishuka hadi nyuzi 18 au 19. Unajifunika shuka, yamekwisha. Kule ubavu wa boti umezama kwenye maji ya nyuzi nne au tano, na sitaha inapigwa na hewa iliyo chini ya sifuri. Wewe umo ndani unapumua, unapika, unaanika soksi. Mvuke wote huo hutafuta pa kutua palipo baridi kuliko pengine: fremu za alumini za madirisha, vichwa vya bolti, nyuma ya makabati, chini ya godoro. Umeona chupa ya soda ikitolewa kwenye friji inavyotoka jasho? Boti ni chupa hiyo, ila jasho lake liko upande wa ndani, unakolala wewe. Na nguo yenye unyevu haikupi joto hata ukiwa na blanketi tatu.

Mwisho wa Februari 2018, baridi ya kutoka upande wa Siberia ilipoivamia Uingereza, nilikuwa nafanya kazi Southampton na kulala kwenye boti ya futi 34. Usiku wa kwanza niliwasha jiko la gesi, mafiga yote mawili, nikaziba kila tundu. Joto lilikuja upesi. Asubuhi maji yalikuwa yanadondoka kutoka darini, blanketi zito, kichwa kinanigonga. Gesi ikiungua huzaa maji: kilo moja ya propani hutoa takribani kilo 1.6 za maji, na yote nilikuwa nimeyafungia humo.

Kile kichwa ndicho kinachonitisha hadi leo. Moto ukikosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu analala, haamki. Wala hili si la Ulaya peke yake. Mabaharia wetu mvua ikiwakuta usiku huingiza jiko la mkaa chini ya sitaha, wakidhani mkaa uliokwisha kukolea na usio na moshi ni salama. Si salama hata kidogo. Nawaomba sana, jiko libaki nje. Na kijana wangu nimemwagiza anunue king'ora cha kaboni monoksidi kabla ya hita yenyewe.

Hita ninayoiamini ni ya dizeli, zile za kina Webasto na Eberspächer. Huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake, kwa hiyo hewa inayopuliziwa chumbani haikutani na moto. Ya kilowati 2 ikienda kwa nguvu zote hunywa kama robo lita kwa saa. Bomba la moshi likaguliwe kila kiungo.

Umeme wa gatini nao una hesabu yake. Soketi ya ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2,300. Hita ya wati 2,000 ukiongeza na birika, swichi inajikata. Waya wa kuviringisha ukunjuliwe wote, maana ukibaki kwenye gurudumu lake hupata moto hadi kuyeyuka.

Kisha aache tundu moja wazi mbele na moja nyuma. Alinibishia, na namwelewa. Lakini hewa ya baridi kali hubeba mvuke kidogo mno. Ikiingia na kupashwa moto inakuwa kavu, inakusanya unyevu na kutoka nao. Godoro aliinue kwa chaga, ubavuni abandike sponji isiyonyonya maji.

Injini asiisahau. Maji yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9. Yakibaki kwenye mfumo wa kupozea au kwenye vali ya chini ya boti, chuma kinapasuka kimyakimya, na barafu ikiyeyuka ndipo boti inaanza kunywa maji. Mfumo ujazwe dawa ya kuzuia kuganda.

La mwisho nililirudia mara mbili. Huyu kijana amekulia Kigamboni, anaogelea kama samaki, lakini maji ya nyuzi nne hayajui hilo. Dakika ya kwanza pumzi inakukimbia, na ndani ya dakika kama kumi mikono inakataa kushika. Jaketi okozi avae hata akienda chooni nchi kavu. Akanijibu kwamba ngazi ya gati lake imefunikwa na barafu. Nikamwambia afunge ngazi ya kamba nyuma ya boti, ifike majini kabisa, kabla giza halijaingia. Jioni akanitumia picha: kamba iko majini, godoro limesimamishwa karibu na hita.