Kwa Nini Mtafuta Dhahabu Hubadilisha Koili ya Ditekta?

Mtafuta dhahabu mzoefu huingia porini na ditekta moja, yaani mashine inayolia ikipita juu ya metali, lakini mgongoni amebeba koili mbili au tatu. Koili ndiyo ile sahani ya chini inayopitishwa karibu na ardhi. Asubuhi anafunga ndogo kwenye korongo, mchana anaitoa na kufunga pana. Kama koili pana inafika chini zaidi, kwa nini asibaki nayo siku nzima?

Ndani ya sahani hiyo kuna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Umeme unaobadilikabadilika ukipita humo, uga wa sumaku unazama ardhini. Ukikuta metali, unazalisha ndani yake mikondo midogo ya umeme, kwa kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831. Mikondo hiyo nayo hutoa uga wake dhaifu, unaorudi juu, na mashine inalia.

Shida ni safari hiyo ya kwenda na kurudi. Kina kikishazidi sana upana wa koili, ukikiongeza mara mbili, uga unaofika kwenye metali hupungua mara nane, na ule unaorudi hupungua mara nane tena. Jumla ni mara 64! Koili pana huchelewesha anguko hilo, kwa sababu uga wake unatanda mbali zaidi kabla ya kufifia.

Lakini uga huo umetawanyika. Punje isiyofika hata gramu moja, iliyo sentimita tano tu chini ya udongo, inagusa sehemu ndogo mno ya uga wa koili ya inchi 18, na mlio wake unaweza kupotea. Koili ya inchi 8 imeukusanya uga wake mahali padogo, kwa hiyo punje hiyohiyo inasikika vizuri. Jarife halivui dagaa. Mwaka 1980, huko Kingower, Australia, Kevin Hillier alipata kwa ditekta donge la dhahabu la zaidi ya kilo 27, likiwa kama sentimita 30 tu chini ya ardhi. Donge la namna hiyo halihitaji koili ya pekee. Punje ndogo ndizo zinazohitaji, na ndizo zinazopatikana mara nyingi. Ndiyo maana naumia nikimwona mchimbaji mdogo akimalizia akiba yake kwenye koili kubwa kabla ya nyingine yoyote.

Ardhi yenyewe nayo ina sauti. Udongo mwekundu na mchanga mweusi vina madini ya chuma, na koili pana inatazama udongo mwingi kwa mara moja, hivyo kelele zinazidi. Hapo wengine hubadili aina, si ukubwa tu: wanaacha koili ya mzingo mmoja, ambayo kwa kawaida huzama zaidi, na kufunga ile yenye mizingo miwili yenye umbo la herufi D, iliyopandana katikati. Hiyo hutulia zaidi kwenye ardhi yenye fujo.

Kazi ya kubadilisha ni ya dakika chache, ila ina masharti. Zima mashine kwanza. Usibadilishe boliti ya plastiki kwa ya chuma, maana ditekta itaisikia hiyo boliti kutwa nzima. Zungusha kebo kwenye fimbo mpaka ikaze, kwani ikining'inia huleta milio ya uongo. Na usidanganywe na plagi inayoingia vizuri: koili ya mashine nyingine inaweza kuwa na vipimo tofauti vya umeme, ikafanya kazi vibaya au isifanye kabisa. Ukishafunga, isawazishe mashine na ardhi upya, ili isilie kwa madini ya udongo wenyewe, hata kama hujasogea hatua.

Kisha fukia kipande kidogo cha metali ya risasi sentimita kumi chini, kwenye udongo uleule unaotaka kuutafuta, upitishe koili zote kwa zamu juu yake, usikie ipi inakilia vizuri zaidi.