Chigongi Peke Yake Haimfundishi Mtu Kupigana

Kwa mara nyingine mwanafunzi mpya amenieleza, bila chembe ya shaka, kwamba taichi, sanaa ya kupigana ya Kichina, ni chigongi (mazoezi ya Kichina ya mikao na pumzi kwa ajili ya afya) iliyorefushwa, na kwamba mtu akikusanya chi, nguvu ya uhai inayosemwa kupita mwilini, ya kutosha kwa kusimama na kupumua, uwezo wa kupigana utamjia wenyewe. Nimechoka kuijibu imani hii kwa sentensi moja mlangoni, kwa hiyo leo naijibu kwa kirefu.

Historia nitaipitia haraka. Mazoezi ya kunyoosha mwili na kuongoza pumzi ni ya kale sana nchini China: katika kaburi la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 kabla ya Kristo, ulipatikana mchoro wa hariri wenye watu 44 walio katika mikao ya mazoezi hayo. Kuyaweka yote chini ya jina moja la chigongi, hata hivyo, ni kazi ya miaka ya 1950, wakati Liu Guizhen na wenzake walipoyaingiza katika vituo vya tiba, kikiwemo cha Beidaihe. Taichi ina nasaba nyingine. Mizizi yake inayofuatilika vizuri zaidi iko katika kijiji cha Chenjiagou, mkoani Henan, kwa ukoo wa Chen Wangting, askari wa karne ya 17, na hadi leo ukoo huo hufundisha mkuki, upanga na mieleka ya karibu. Sun Lutang, mwalimu wa mapigano aliyefariki mwaka 1933, ndiye aliyeeneza kwa vitabu vyake wazo kwamba taichi na sanaa nyingine mbili za kupigana za Kichina, shingyi na bagua, ni familia moja ya sanaa za ndani, yaani zinazotegemea ulegevu na mpangilio wa mwili kuliko nguvu za misuli.

Nakiri kwamba kosa hili lina chanzo cha haki. Mfuatano wa mikao 24, uliotungwa mwaka 1956 chini ya mamlaka ya michezo ya China ili wananchi wengi wauweze, ndio taichi pekee ambayo watu wengi wameiona. Ukiufanya peke yako, polepole, bila kuguswa na mtu hata siku moja, unachofanya kinakaribia sana chigongi, na ni zoezi jema.

Lakini tuangalie zoezi la kusimama bila kusogea, maana hapo ndipo ninapokosa subira. Magoti yamelegea, mikono imeviringa mbele ya kifua, na anayepita njiani hawezi kusema kama huyu anatafuta afya au anajiandaa kwa pambano. Wang Xiangzhai, mwanzilishi wa yichuan, sanaa ya kupigana iliyojengwa juu ya kusimama huku, aliutumia mkao huu kuwafunza wapiganaji, kisha akawafundisha wagonjwa, kwa hiyo mkao wenyewe hautenganishi kitu. Kinachotenganisha ni kazi anayoifanya aliyesimama. Wa chigongi huyatuliza mawazo chini ya kitovu, huiacha pumzi irefuke, na akimaliza akiwa mwepesi, zoezi limetimia. Wa sanaa za ndani naye hulegeza misuli, ila kila kiungo chake kina mwelekeo: utosi unapanda, mkia wa uti wa mgongo unashuka, vigasha vinasukuma nje huku viwiko vikining'inia. Naye hutazama mbele, kwa sababu zoezi zima linamhusu mtu ambaye hajafika bado.

Mtu huyo akifika, ukweli hujulikana upesi. Mlete aliyefanya Baduanjin, mfululizo wa mazoezi manane ya chigongi, kwa miaka kadhaa, mwekee kiganja kwenye kigasha chake, kisha msukume polepole kuelekea katikati ya kifua. Pumzi yake nzuri hukatika, bega hupanda kuelekea sikioni, na kisigino cha nyuma huinuka sakafuni. Ulegevu alioupata alipokuwa peke yake haujawahi kubebeshwa mzigo. Katika zoezi la taichi la kusukumana mikono, mwanafunzi hujifunza kuipokea nguvu hiyo, kuipitisha nyongani hadi kisiginoni, kuigeuza kwa kiuno, na kuhisi sekunde ambayo mwenzake amepoteza mizani. Chi nyingi kiasi gani ingemfundisha hayo? Hisia ya nguvu ya mtu mwingine hupatikana kwa kuguswa na mtu mwingine.

Yapo mambo mawili ambayo sina hakika nayo, na walimu wengi huyafunika. Joto na mnyeo wa viganjani ni vya kweli, nami huvihisi, ila nina shaka kama vinathibitisha kuwepo kwa kitu kinachosafiri mwilini. Damu, misuli iliyolegea na umakini huenda vikatosha kueleza sehemu kubwa. Pia nina shaka na ukuta kati ya sanaa za ndani na za nje, kwa kuwa mabondia wa mitindo inayoitwa ya nje nao hulainika wanapokomaa, na taichi ya Chen hurusha ngumi za kasi na kukanyaga kwa kishindo.

Haya hayaishushi chigongi. Mwenye shinikizo la damu au magoti mabovu namshauri abaki nayo, kwani mikao ya chini ya kipiganaji ikifanywa vibaya huumiza magoti. Hata mpiganaji huihitaji, kwa sababu asiyejua kulegea akiwa peke yake hatalegea akisukumwa. Ndiyo maana darasa langu huanza na Baduanjin, na ikiisha, kila mtu hutafuta mwenzake na kuweka kigasha juu ya kigasha.