Picha kali za ndege kutoka kwenye boti: punguza pembe kwanza, shata baadaye

Anayelalamika kwamba picha zake za ndege kutoka botini zimefifia huambiwa aongeze kasi ya shata (pazia la kamera linalofunguka kupitisha mwanga). Ni kweli inasaidia, ila haimfikishi mbali, na hesabu yenyewe inaonyesha kwa nini.

Chukua lenzi ya milimita 500 kwenye kamera yenye sensa, yaani kihisi cha mwanga, kubwa (milimita 36 kwa 24) yenye megapikseli 45. Pikseli moja inafunika pembe ya nyuzi 0.0005 hivi. Boti ndogo inayokwenda mrama nyuzi 5 kila upande, ikimaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 4, inapopita katikati ya mrama wake inageuka kwa kasi ya karibu nyuzi 8 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/2000 ya sekunde hizo ni nyuzi 0.004, yaani taswira imeburuzwa pikseli 8. Kutaka shata peke yake ilishushe hilo hadi pikseli 1 ni kudai 1/16000, wakati shata ya kimakanika kwenye kamera nyingi nzuri huishia 1/8000.

Kwa hiyo zile nyuzi 8 lazima zipunguzwe kabla hazijafika kwenye lenzi. Mwili uliotulia unaomfuata ndege vizuri ukibakiza nyuzi 1 tu kwa sekunde, 1/2000 inamalizia kazi na mburuzo unakuwa pikseli 1. Shata ni ya kumalizia.

Elekeza lenzi kwenye mhimili wa mrama

Hili ndilo ninaloona linapuuzwa kuliko yote, na halina gharama. Boti inapokata mawimbi kwa mbele, omo (ncha ya mbele ya boti) inapanda na kushuka. Ukipiga picha kuelekea mbele au nyuma, lenzi nayo inapanda na kushuka, na mburuzo wote unaingia kwenye picha. Ukipiga kuelekea ubavuni, mwendo uleule unaifanya kamera izunguke kwenye mstari wa lenzi yenyewe. Mzunguko huo hauharibu karibu chochote: nyuzi 8 kwa sekunde, kwa 1/2000, zinasogeza ukingo wa picha chini ya theluthi ya pikseli, na katikati hausogei kabisa. Utakachokiona ni upeo wa macho ulioinama, na huo unanyooshwa kwenye kompyuta.

Boti inapoyumba ubavu kwa ubavu, mambo yanageuka: piga kuelekea omo au tezi (ncha ya nyuma).

Ndiyo maana nahodha ni nusu ya kazi. Mwombe aelekeze omo kwenye mawimbi na aende polepole, ndege wawe ubavuni, jua likiwa mgongoni mwako. Usimwombe azime injini ghafla. Chombo kisicho na nguvu hugeuka kikalala ubavu kwa mawimbi, na mrama unazidi. Tena, boti ikipunguza mwendo, mawimbi iliyoyaacha nyuma huifikia na kuitikisa. Subiri yapite kwanza ndipo upige. Watu wengi hutumia nafasi yao bora kabisa katika sekunde zilezile mbaya.

Mwili, si stendi

Stendi ya miguu mitatu kwenye sakafu ya boti inabeba mrama wote na mtetemo wote wa injini moja kwa moja hadi kwenye lenzi. Kuegemeza lenzi kwenye ukingo wa boti ni vivyo hivyo. Mtetemo wa injini ni mdogo lakini ni wa kasi, na kwenye picha huonekana kama kingo maradufu: manyoya yanakuwa na mstari wa pili pembeni. Shika kwa mikono. Kama ni boti ndogo, kaa juu ya mto mnene wa sponji, mgongo usiguse kitu, viwiko vibane mbavuni badala ya kuvipumzisha magotini. Kama ni chombo cha kusimama, tanua miguu kwa upana wa mabega, lainisha magoti, na uache kiuno ndicho kiyumbe. Mgongo ukiuegemeza ukutani unaletewa kila mpigo wa injini.

Watu hubishana kuhusu mahali pa kukaa. Kipembe, boti ni kitu kimoja kigumu: omo, tezi na katikati zote zinageuka nyuzi zilezile. Kinachotofautiana ni kupanda na kushuka, ambako kwa ndege aliye mbali hakusogezi sana taswira, ila kunauvuruga mwili wako. Katikati na chini ndiko kunakostahimilika. Tena ukiwa chini unamwona ndege kwa usawa wa jicho lake, nayo picha inapendeza zaidi hivyo.

Lenzi ya milimita 600 si lazima. Kwenye boti ndogo mimi huchagua lenzi ya kuvuta ya 100–400: nyepesi, unamtafuta ndege ukiwa kwenye 200 kisha unavuta. Nusu ya picha zinazokosekana botini hazikufifia hata kidogo. Ndege tu hakuonekana kwenye kioo cha kutazamia kwa wakati.

Bonyeza mrama unapogeuka

Mwisho wa kila mrama, kabla boti haijaanza kurudi, kasi ya pembe inashuka hadi sifuri. Kwa mzunguko wa sekunde 4, kuna karibu theluthi ya sekunde kila upande ambapo kasi iko chini ya robo ya ile ya katikati. Kamera ya picha 12 kwa sekunde inakupa picha 4 ndani ya kipenyo hicho. Piga mafungu mafupi ya picha 3 hadi 5 hapo, badala ya kushikilia kitufe mpaka kumbukumbu ya kamera ijae ndege akiwa bado hajafanya lolote.

Kitulizaji cha lenzi (mfumo unaopunguza mtikisiko) kikiwa katika hali ya kawaida hupigana na wewe: unamfuata ndege, chenyewe kinajaribu kuishikilia taswira pale ilipokuwa, kisha kinairusha. Tumia hali iliyotengenezwa kwa vitu vinavyokwenda bila mpangilio, yaani hali ya 3 kwa Canon na Sony, Sport kwa Nikon. Hali ya 2, ile ya kufuata kitu kinachopita upande, inafaa nchi kavu zaidi, maana botini kuna kupanda na kushuka pia. Kwa shakwe aliyetulia majini nakiacha kimewashwa siku zote. Kwa ndege anayekata kona, shata ikiwa 1/3200 au zaidi, piga mafungu machache kimewashwa na machache kimezimwa, ulinganishe. Jibu hutofautiana kati ya lenzi na lenzi.

Shata yenyewe: 1/1000 ni sakafu kwa ndege anayeelea, 1/2000 kwa mwari au mnandi arukaye, 1/3200 kwa mdiria na wengine wadogo wapigao mabawa haraka. Tundu la lenzi f/5.6 hadi f/8. Acha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ijipange yenyewe; chengachenga za ISO 3200 zinasafishika, mburuzo hausafishiki. Jihadhari na shata ya kielektroniki kwenye kamera ambayo sensa yake inasoma polepole, kwani inapinda mabawa, na mrama wa boti unaongezea.

Mwanga: ndege mweupe juu ya maji meusi, punguza kiasi cha 0.7 hadi 1 kwenye fidia ya mwanga (EV) ya kamera. Ndege mweusi dhidi ya mbingu angavu, ongeza 1 hadi 1.7. Mwanga ukiwa hautabadiliki, weka kila kitu kwa mkono.

Fokasi inaibiwa na mawimbi

Kwa milimita 500 na f/5.6, ndege akiwa mita 20, kina kinachoonekana kikali ni nusu mita hivi. Akiwa mita 10 ni sentimita 13 tu. Sasa boti inayomwendea kwa noti 10 (maili za baharini kwa saa) inakula mita 5 kila sekunde. Kamera ya picha 10 kwa sekunde inakuta umbali umepungua nusu mita kati ya picha na picha, yaani kina chote. Fokasi endelevu inaweza kufuata hilo, lakini unaitaka ifanye kazi ngumu bila sababu. Ndege anayeruka sambamba na boti kwa mwendo uleule hana kasi yoyote kwako, na hao ndio wanaotoa picha kali kuliko wote. Usiwaache kwa kuwa mtindo wao unaonekana wa kawaida.

Kamera ikiwa na utambuzi wa jicho la ndege, itumie angani. Ndege akishuka kati ya mawimbi, badili uweke kisanduku kidogo cha fokasi, maana povu lenye mng'ao linavutia fokasi kuliko manyoya ya kijivu. Punguza wepesi wa fokasi kuhama kwenye menyu, ili wimbi likimficha ndege kwa kitambo kamera isirukie maji. Swichi ya umbali kwenye lenzi iweke upande wa mbali, isipoteze muda kutafuta karibu. Na kumbuka ndege huanza kuruka akielekea upepo unakotoka: boti ikiwa upande wa joshi (upepo unakotoka), atakujia uso, ikiwa demani (upepo unakokwenda), utapiga mkia.

Rasharasha za chumvi usizifute kwa kitambaa kikavu, zinakwaruza. Tumia kitambaa chenye maji baridi yasiyo na chumvi, kisha kikavu.

Kusoma kosa kwenye picha

Kuza hadi asilimia 100 na uangalie vimeto vya mwanga juu ya maji, si ndege. Vikiwa vijistari vyote vya mwelekeo mmoja, kamera ilisogea: rudi kwenye mwili na wakati wa kubonyeza. Maji yakiwa makali mbele au nyuma ya ndege, ni fokasi. Mwili wa ndege ukiwa mkali na ncha za bawa zimefifia, ongeza shata. Kingo maradufu, ni injini. Na ikiwa kila kitu ni laini bila mwelekeo, kingo zikijikunja tofauti kila picha, hiyo ni hewa: joto la maji na la hewa vimepishana, au unapiga kupitia moshi wa injini. Kwa moshi, badili upande. Kwa hewa, hakuna shata wala kitulizaji kitakachoiponya. Sogea hadi mita 20 au 30 kama ndege anakubali, au subiri saa nyingine ya siku.